Tunangojea Zimwi la Nani?

Hapa Othaya, mji wa marehemu Rais Mwai Kibaki chini ya milima ya Nyandarua, baridi huanza kuingia mifupani tangu alasiri, na sisi watu wa pwani tuliohamia huku hujifunga makoti mapema. Vijana wa stendi ya matatu hawana habari ya baridi. Wao wana habari ya Godzilla. Wajua kwamba mwaka 2025 studio za Marekani zilitangaza picha iitwayo Godzilla x Kong: Supernova, ikapangiwa tarehe 26 Machi 2027. Wajua pia kuwa kampuni ya Toho ya Japani ilitangaza, Novemba 2024, kwamba Takashi Yamazaki anatengeneza Godzilla nyingine baada ya ile Godzilla Minus One ya mwaka 2023. Ukiwauliza ni jitu gani litamshinda mwenzake, watabishana mpaka gari la mwisho la Nyeri lijae.

Sina ugomvi na ubishi wao. Kungojea picha si jambo geni kwetu. Wazee wa Mombasa wakumbuka siku za Regal na Majestic, jinsi Idd ikifika watu walivyotoka na kanzu mpya na mabuibui yenye kunukia udi, wakagombania tikiti mlangoni. Lakini kungojea kule kulikuwa kwa siku chache. Picha ilionwa, ikasimuliwa barazani, ikaisha. Siku hizi kungojea kwenyewe ndiyo biashara. Tarehe 26 Machi 2025 kampuni ya Marvel iliwaonyesha watu viti kwa muda wa zaidi ya saa tano, kila kiti kimeandikwa mgongoni jina la mchezaji mmoja, ili kutangaza watakaotokea katika Avengers: Doomsday. Viti vitupu, wallahi! Na watu wakakaa wakatazama. Baadaye picha yenyewe, iliyokuwa imepangiwa Mei 2026, ikasogezwa hadi Desemba ya mwaka huo.

Nikivikumbuka viti vile hunijia hekaya ya Nunda, katika zile hadithi za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870. Sultani Majinuni alikuwa na paka. Paka akaanza kula mifugo, watu wakashtaki, Sultani akajibu kuwa paka ni wake na mifugo ni yake, basi aachwe. Paka akaja akala watu. Sultani yu vile vile. Hata siku walipoliwa wanawe mwenyewe ndipo alipokiri kuwa huyo si paka tena, ni Nunda mla watu. Mwanawe mdogo akaingia mwituni kumsaka. Akarudi na mnyama, mamaye akamwambia siye. Akarudi na mkubwa zaidi, siye. Hata twiga, hata ndovu, siye bado. Mtoto anayesikiliza amekwisha sahau usingizi, kwani kila mnyama akiletwa Nunda huzidi kukua kichwani mwake, naye hajaonekana hata ukucha. Watengenezaji wa picha huko Marekani wangelipa fedha nyingi kwa ufundi huo.

Ila Nunda ana jambo moja ambalo majitu mengi ya siku hizi hayana. Hakushuka kutoka mbinguni wala hakutoka nyota nyingine. Alilelewa nyumbani, na mwenye nyumba akamlinda.

Godzilla wa kwanza naye alikuwa hivyo. Machi 1954 bomu la majaribio la Marekani katika kisiwa cha Bikini liliwamwagia majivu yenye sumu wavuvi wa Kijapani waliokuwa baharini, na mmoja wao akafa Septemba. Novemba ya mwaka ule ule picha ya Ishirō Honda ikaonyeshwa: jitu lililoamshwa na mabomu lapanda nchi kavu na kuivunja Tokyo. Hiroshima na Nagasaki zilikuwa hazijatimiza miaka kumi. Wajapani walilitoa zimwi lao katika jeraha lao, ndiyo maana mpaka leo halijachosha.

Wakikuyu nao wana lao, irimu. Sikiliza neno lenyewe utajua kuwa ni ndugu wa zimwi letu. Katika hadithi yao mashuhuri, mhunzi amekwenda mbali kufua vyuma, mkewe ajifungua peke yake, na irimu laingia nyumbani kama mkunga. Lapakua chakula, lamwonyesha mzazi, kisha lala lenyewe. Mama yule akampa njiwa mbegu za mbarika ili ampelekee mumewe habari.

Nani hapa asiyejua nyumba ya namna hiyo, baba yuko Nairobi kwa kazi na mlaji amekwisha ingia? Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, si mbali na hapa, watu zaidi ya kumi walikufa kwa pombe haramu. Na kwetu pwani, tusidanganyane, paka ni unga. Vijana wa Mombasa, Malindi na Lamu wameliwa mbele ya macho yetu, na kila mtaa una mkubwa aliyesema muacheni, huyo ni wetu.

Najua atatokea msomaji wa kuniambia kuwa habari za mazimwi ni upuuzi na upotevu wa wakati. Bibi zetu walikuwa wakiswali isha, wakamaliza nyiradi zao, kisha wakatuita mkekani, paukwa, pakawa. Hawakuona aibu.

Wala tusisingizie fedha. Godzilla Minus One yasemekana iligharimu chini ya dola milioni 15, kitu kidogo mno kwa picha za aina ile, na Machi 2024 ikapata tuzo ya Oscar ya ufundi wa madoido ya picha. Wasimulizi tunao: picha za Kichina na za Kihindi huwa tamu zaidi zikishapita mdomoni mwa DJ Afro, akazisimulia upya kwa Kiswahili na Sheng. Wachezaji tunao: katika A Quiet Place: Day One ya mwaka 2024, anayekimbizwa na majitu ni Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o. Mwaka 2018 Likarion Wainaina alitengeneza Supa Modo, habari ya mtoto mgonjwa anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima chamtengenezea picha yake. Ilifika hadi tamasha la Berlin.

Basi vijana wa stendi na waendelee kumngoja Godzilla wao, na mimi nitaiona picha hiyo ikifika. Lakini siku itakapotangazwa picha ya Nunda, au ya irimu na mke wa mhunzi, niko tayari kukaa hizo saa tano nikitazama kiti kitupu, mradi mgongoni kiwe na jina la mtu wa Lamu au wa Othaya.