Kabla ya kusifu Kiswahili cha mashine, iulizwe imeyatoa wapi maneno yake

Mfanyabiashara wa Kariakoo akilipwa kwa simu, hamruhusu mteja aondoke kabla hajasoma ujumbe. Anausoma palepale: muamala umethibitishwa, kiasi kadhaa kimeingia kutoka kwa fulani, salio jipya ni kadhaa. Hakuna mtu aliyekaa kuuandika ujumbe huo. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, maandishi ya mashine ya namna hii yanasomwa kila siku sokoni, stendi na dukani, na hakuna anayesifu uandishi wake. Watu wanayaamini tu, kwa kuwa kila neno lililomo lina mahali lilipotoka: daftari la miamala ambalo kukitokea ubishi linaweza kufunguliwa.

Siku hizi ipo mashine nyingine inayoandika, na hii inasifiwa sana. Ikiombwa barua ya kuomba kazi, hotuba ya mahafali au risala ya kusomwa mbele ya mgeni rasmi, inatoa ukurasa mzima kabla chai haijapoa. Kiswahili chake kinazidi kunyooka. Hapo ndipo kishawishi kinapoanza. Kama inaandika risala vizuri hivi, kwa nini isiandike pia tahadhari ya mvua, maelezo ya dawa, au majibu ya mwananchi anayeulizia haki yake? Jibu liko katika jambo ambalo msomaji haoneshwi: mashine ilianza na nini kabla ya kuandika neno la kwanza.

Kwa miongo kadhaa wataalamu wa fani ya kuiwezesha kompyuta kuandika walianza na jambo la kusemwa. Ehud Reiter na Robert Dale, katika kitabu chao cha mwaka 2000 ambacho bado kinafundishiwa, waliigawa kazi hiyo katika hatua tatu. Kwanza programu huchagua itasema nini na kwa mpangilio gani. Kisha huamua mambo yapi yaingie katika sentensi moja, yaitwe kwa maneno gani, na wapi jina lisirudiwe. Mwishoni kabisa ndipo sarufi inapoingia na sentensi ikakamilika. Maneno matamu, kama yapo, ni mzigo wa mwisho kupakiwa.

Utabiri wa hali ya hewa ndio uliotoa mifano ya kwanza iliyofanya kazi kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kanada ilianza kutumia mfumo ulioitwa FoG. Mfumo huo ulichukua data za utabiri na kuandika taarifa kwa Kiingereza na Kifaransa, lugha zote mbili zikitokana na mpango mmoja, bila moja kuwa tafsiri ya nyingine. Huko Aberdeen, Uskoti, Reiter na wenzake wakatengeneza SumTime, mfumo uliogeuza majedwali ya upepo na mawimbi kuwa taarifa fupi kwa ajili ya mitambo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini.

Walipokuwa wakichunguza taarifa zilizoandikwa na watabiri wenyewe, watafiti hao waligundua jambo lililowashtua. Watabiri wawili waliandika maneno yaleyale ya Kiingereza yenye maana ya "kufikia jioni", lakini mmoja alikusudia saa 12 jioni na mwingine saa 6 usiku. Meli inayotaka kushusha shehena kwenye mtambo haiwezi kuvumilia tofauti ya saa sita. Mfumo ukapewa maana moja kwa kila neno na kuzuiwa kuivunja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionesha kuwa baadhi ya wasomaji waliupendelea uandishi wa mashine kuliko wa watabiri. Haukuwa mtamu zaidi. Ulikuwa hauyumbi.

Wavuvi wa Mafia na Kilwa hawahitaji kuelezwa kwa nini hilo lina uzito. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mfululizo. Mamlaka hiyo ina ngazi zake za maneno, kutoka angalizo hadi tahadhari, na kutoka tahadhari hadi tahadhari kubwa, na kila ngazi inamtaka mtu achukue hatua tofauti. Halafu kuna suala la saa. Data za hali ya hewa duniani hupangwa kwa saa za kimataifa, hivyo saa 06:00 ya kwenye jedwali ni saa 3 asubuhi kwa mvuvi. Mfumo uliopangwa hubadilisha saa hizo kwa hesabu. Mashine inayofuata mazoea ya Kiingereza inaweza kuandika "saa 6 jioni" bila kusita, na sentensi ikasomeka vizuri kabisa.

Mifumo ya kupanga nayo hukosea, tena wakati mwingine kwa vituko. Katikati ya miaka ya 1970 James Meehan, mwanafunzi wa Yale, aliandika TALE-SPIN, programu ya kutunga hadithi za wanyama. Katika hadithi mojawapo chungu aliteleza mtoni, na programu ikatangaza kuwa nguvu ya uvutano imekufa maji. Kosa lilifuatiliwa hadi mzizi wake. Programu ilijua kuwa kitu kikianguka kimepelekwa chini na nguvu ya uvutano, na kwamba anayepeleka kitu mahali naye hufika hapo. Basi nguvu ya uvutano ikawa mtoni, haina miguu wala mabawa wala rafiki wa kuiokoa. Meehan aliweza kuonesha kanuni iliyoleta balaa hilo na kuirekebisha.

Gazeti la Los Angeles Times lina mfano wake. Machi 2014 programu yake iitwayo Quakebot ilipokea taarifa ya tetemeko kutoka shirika la jiolojia la Marekani, USGS, ikaandika habari, na ndani ya dakika chache habari ikawa hewani baada ya mwandishi kuipitia. Juni 2017 programu hiyohiyo ikatangaza tetemeko la ukubwa wa 6.8 huko Santa Barbara. Tetemeko hilo lilikuwa la kweli, ila lilitokea mwaka 1925. Watu waliokuwa wakisahihisha kumbukumbu za zamani walisababisha taarifa kutoka ikiwa na mwaka 2025, na Quakebot ikaamini ilichopewa. Habari iliondolewa na chanzo cha kosa kikajulikana siku hiyohiyo. Mhariri alikuwa na mahali pa kunyooshea kidole.

Kwa lugha za Kibantu njia hii ina gharama, na anayeitetea hana budi kuikubali. Ujumbe wa M-Pesa ni kiolezo: sentensi yenye nafasi wazi za kujaza. Kiolezo kinatosha pale ambapo kinachobadilika ni jina na kiasi cha fedha. Kikipelekwa kwenye dirisha la dawa kinakwama, kwa sababu mgonjwa hupewa vidonge viwili, matone mawili, vijiko viwili au dawa mbili, na kila ngeli inadai upatanisho wake. Joan Byamugisha, mtafiti kutoka Uganda, alifanya kazi hii kwa Kirunyankore katika Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na Maria Keet, ambaye alikuwa ametangulia kukishughulikia Kizulu pamoja na wenzake. Walionesha kwamba violezo vilivyozoeleka kwa Kiingereza haviwezi kuhamishwa vilivyo, na kwamba lazima kanuni za ngeli na viambishi ziandikwe mojamoja. Lengo mojawapo la kazi hiyo lilikuwa maelezo ya dawa ambayo mgonjwa angeyasoma kwa lugha yake. Ni kazi ya miaka, na wafadhili wake si wengi.

Ndiyo maana mifumo mikubwa ya lugha imepokewa kwa shangwe. Wazo lililo chini yake ni la zamani. Mwaka 1948 Claude Shannon alionesha kwamba ukijua neno gani hufuata neno gani, na kwa uwezekano upi, unaweza kutengeneza mfuatano unaofanana na Kiingereza bila kuwa na lolote la kusema. Muundo uliobuniwa na watafiti wa Google mwaka 2017 uliwezesha kulifanya jambo hilo kwa ukubwa usiowahi kuonekana. Mmojawapo wa mifumo hiyo, GPT-3 ya mwaka 2020, ulikuwa na vigezo bilioni 175, na Novemba 30, 2022 ChatGPT ikafunguliwa kwa watu wote. Mfumo huvunja maandishi katika vipande, hukadiria kipande kipi kifuate, huchagua kimoja, kisha huanza upya. Ngeli haukufundishwa na mtu. Umezipata kwa kusoma. Vidonge vinakuwa viwili na matone yanakuwa mawili bila mtaalamu kuandika kanuni hata moja.

Ingekuwa uonevu kusema kwamba mashine hizi hazipangi kitu. Machi 2025 watafiti wa kampuni ya Anthropic walieleza walichokiona walipochungulia ndani ya mfumo wao ulipokuwa ukitunga mishororo miwili ya Kiingereza yenye vina. Neno la kina lilikuwa limeshachaguliwa kabla ya mshororo wa pili kuanza, na maneno mengine yakatafutwa ili yafike hapo. Mtunzi wa tarbia, anayeshika kina cha mwisho kwanza ndipo arudi kujaza mizani, anaijua kazi hiyo. Tatizo ni kwamba mpango wa kufikia kina haufungui jedwali la upepo wala cheti cha mgonjwa. Unahakikisha sentensi itatua vizuri, na kutua vizuri si uthibitisho wa kilichosemwa.

Mawakili wawili wa New York walilijua hilo wakiwa wamechelewa. Mwaka 2023, katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, waliwasilisha mahakamani hoja zilizotaja hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa. ChatGPT ndiyo iliyozizua. Zilikuwa na majina ya wadaawa, namba za majalada na majina ya majaji, kila kimoja mahali pake. Wakili mmojawapo aliiuliza mashine kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu kuwa ni za kweli. Jaji P. Kevin Castel aliwatoza mawakili hao na ofisi yao faini ya dola 5,000. Tofauti yake na Quakebot iko wazi. Kosa la tetemeko lilikuwa na chanzo cha kurekebishwa. Hukumu za uongo hazikuwa na chanzo chochote, na mwandishi wake hakubabaika hata kidogo.

Kwa hiyo ofisi za umma zinazokusudia kutumia akili mnemba kuandika kwa Kiswahili zinapaswa kuzigawa kazi mbili hizi. Uamuzi wa nini kisemwe ubaki kwenye data, kanuni na watu wenye dhamana. Mashine mpya ipewe kazi ya kuyavisha maneno yale iliyokabidhiwa, na kabla ujumbe haujatoka, programu nyingine ilinganishe kila namba, saa na jina na jedwali vilikotoka. Mpangilio huu unawezekana leo, na unaokoa sehemu kubwa ya ile miaka ya kuandika kanuni za ngeli.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuichelewesha nchi, na kwamba mwananchi asiye na daktari karibu yuko radhi kupata jibu lenye walakini kuliko kukosa jibu. Hoja hiyo ina mashiko pale anapouliza namna ya kuandika barua. Kwenye kipimo cha dawa ya mtoto haina, maana jibu lenye walakini na jibu sahihi yanakuja kwa sauti ileile na mzazi hana njia ya kuyatofautisha.

Hata mpango mzuri unahitaji kupimwa kwa wasomaji. Huko Aberdeen kulikuwa na mfumo mwingine, STOP, ulioandika barua za kuwashawishi watu waache sigara, kila barua ikitengenezwa kulingana na majibu ya mvutaji mwenyewe. Ulijaribiwa kwa wavutaji 2,553. Baada ya miezi sita walioacha miongoni mwa waliopata barua hizo walikuwa asilimia 3.5, na miongoni mwa waliopata barua ya jumla, ileile kwa wote, asilimia 4.4. Watafiti hawakuyaficha matokeo hayo. Waliyachapisha wakiyaita kushindwa, na fani ikajifunza. Taasisi itakayonunua mfumo wa Kiswahili idai jaribio la aina hiyo, pamoja na wavuvi, wagonjwa na wakulima wenyewe, badala ya onesho la dakika kumi kwenye ukumbi wa hoteli.

Linabaki suala la nani ajibu mambo yakiharibika. Abiria mmoja wa Air Canada aliambiwa na mashine ya mazungumzo ya shirika hilo kwamba angeweza kuomba nafuu ya nauli ya msiba baada ya kusafiri. Alipoomba, akakataliwa. Mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia shirika lilijitetea kana kwamba mashine ile ni chombo kinachojitegemea, chenye kubeba lawama zake. Februari 2024 baraza liliukataa utetezi huo na kuamuru abiria alipwe. Wizara, hospitali na benki zetu zisisubiri kesi yao ili zijue msimamo wao. Kifungu cha dhamana kiingie kwenye mkataba kabla mfumo haujawashwa, na kiandikwe na mwanasheria, kisiachiwe mfumo wenyewe.