TUNAYOYAJUA TUYAANDIKE

Ndugu wanakijiji na wanaushirika,

Mwaka 2003 wataalamu walipita katika vijiji vya Rungwe wakiwauliza wawindaji habari za wanyama wa msituni. Wakatajiwa kipunji. Wataalamu hawamjui! Wakamfuata msituni, na mwaka huo huo wakamwona: kima wa kahawia, mkia mrefu, nywele zimesimama utosini. Mwaka 2005 akatangazwa duniani. Mwaka huo pia kipunji mmoja alikutwa amekufa mtegoni, katika shamba la mahindi kando ya msitu wa Mlima Rungwe. Wakampima, na mwaka 2006 wakampa ukoo wake peke yake, Rungwecebus, kwa jina la mlima wetu. Ilikuwa imepita miaka 83 Afrika haijapata ukoo mpya wa kima.

Ndugu, babu zetu walimjua kipunji siku zote. Ila walimjua kwa mdomo tu, na habari ya mdomo huzikwa na mwenyewe. Wanaushirika tunajua: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo tumeweka daftari katika ofisi ya ushirika. Ukimwona kipunji, au mnyama yeyote anayeharibu mazao, njoo uandike: tarehe, saa, mahali, umeona nini, wangapi. Kama umesikia tu, andika "nimesikia". Usiongeze chumvi. Asiyejua kuandika aje, tutamwandikia. Sisi wenyewe tulishika kalamu ukubwani katika kisomo cha watu wazima, na aibu haikutuua.

Wapo wanaocheka, eti kuhesabu kima kutaleta sukari nyumbani? Na wenzetu wa kando ya msitu wanasema, wanakula mahindi yetu ninyi mnawahesabu! Hawa wana haki, njaa si mzaha. Lakini tulipokwenda kulalamika tuliulizwa: lini? Mashamba mangapi? Magunia mangapi? Tukabaki kutazamana. Hasira tulikuwa nayo, hesabu hatukuwa nayo. Daftari hili ndilo litakalotusemea safari ijayo.

Jambo la mwisho ni mitego. Waya hauchagui, unamnasa mwizi wa mahindi na asiyehusika. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilipata kipunji 1,117 tu, huku kwetu Rungwe na Kitulo pamoja na msitu wa Ndundulu kule Udzungwa. Vipo vijiji vyenye watu zaidi ya hao! Tunaomba mitego iondolewe, na mashamba ya kando ya msitu tuyalinde kwa zamu, kijiji kizima, siyo kuwaachia wenye mashamba peke yao.

Katika mkutano wa kijiji ujao daftari litasomwa mbele ya wote. Likikutwa tupu, aibu itaanza kwetu viongozi.

Elimu haina mwisho!

Katibu wa Chama, kwa niaba ya Kamati