Usipojihesabu, utahesabiwa

Haya wadau, mnakumbuka Mei 2023 Kariakoo ilipofunga maduka? Soko zima kimya, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana na wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Kilio kilikuwa kile kile: kodi, na namna inavyodaiwa. Kuhusu ubabe wa wakusanya kodi yameshasemwa mengi, na mimi sitetei ubabe wa mtu. Lakini kuna upande ambao sisi vijana tunaojua kompyuta tumeukalia kimya: wauzaji wadogo wengi hawana namba zao wenyewe.

Hebu tuangalie viwango vya mwaka wa fedha 2019/20. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hakudaiwa kodi ya mapato. Usidhani hizo ni hela nyingi, ni kama 11,000 kwa siku. Kati ya milioni 4 na 7 njia zilikuwa mbili. Asiye na kumbukumbu: 100,000, basi. Mwenye kumbukumbu: asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Sasa piga hesabu. Umeuza milioni 5: mwenye kumbukumbu analipa 30,000, asiye nazo 100,000. Mtaa mmoja, biashara ile ile! Hiyo 70,000 ni bei ya kutoandika. Na akikadiriwa milioni 8, inakuwa 250,000. Atabisha kwa kitu gani? Kwa kuapa?

Nilijifunza haya kwa mama yangu mdogo, mwenye duka la unga, mchele na sabuni. Kila siku anasema biashara nzuri, kila mwezi mtaji unapungua. Nikamtengenezea faili la Excel lenye kurasa tatu tu. Ya kwanza Mauzo: tarehe, bidhaa, kiasi, malipo (taslimu au mkopo), jumla ya shilingi. Ya pili Matumizi: mzigo, kodi ya pango, umeme, nauli. Ya tatu Muhtasari, ndo dashibodi yenyewe. Humo huandiki namba kwa mkono, unaweka fomula. Mfano: =SUMIF(Mauzo!D:D,"mkopo",Mauzo!E:E) inajumlisha kila kilichotoka kwa mkopo. Badilisha neno kuwa "taslimu", unapata hela iliyoingia kweli. Chini yake weka jumla ya matumizi na grafu moja ya mauzo ya kila mwezi. Imetosha bwana, usiremberembe.

Baada ya mwezi jibu likaonekana: mtaji ulikuwa kwa majirani. Unga ulikuwa unauzika kweli, ila kwa "nitakulipa Ijumaa". Mama mdogo akaitazama ile namba ya mikopo, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe mimi ndo benki ya mtaa." Siku hizi mwenye deni hapewi mzigo mwingine.

Najua kuna watakaosema, "Ukiandika umejipeleka mwenyewe kwa mtu wa kodi." Woga huo una msingi. Kodi hiyo inahesabiwa kwenye mauzo, sio faida, kwa hiyo hata mwenye hasara inamkuta. Na faili peke yake sio ushahidi, lazima liende na risiti za mzigo na za mauzo. Lakini kukaa bila namba hakukufichi. Kunampa mwingine nafasi ya kukutungia namba. Hata tukitaka kuishinikiza serikali itoze faida badala ya mauzo, tutaongea nini mezani kama hatujui faida yetu?

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa kafe, tumia nusu saa ya muda wako uliolipia. Kama huna kompyuta, Google Sheets ni bure na inafunguka hata kwenye simu. Ukimaliza toka kwenye akaunti yako, usimwachie anayekaa baada yako vitabu vya mama. Jioni nenda kwa mama ntilie au fundi wa mtaani kwenu, kaa naye, mwulize: jana uliuza shilingi ngapi? Akikuambia "mungu anajalia tu," ujue kazi ipo.

Mnasemaje wadau?