Hasara ya Hisa, Kodi Haiijui

Leo tuko Mwamanyili, kule Busega, mkoani Simiyu. Tuseme wewe ni kijana wa huko. Mwaka 2017 uliuza pamba, na badala ya kumalizia ngawira kwenye bia ukanunua hisa za Vodacom Tanzania kwa shilingi 850 moja. Baadaye bei ikaporomoka. Binamu yako aliyeko Marekani anapiga simu: "Uza, kula hasara, utapunguziwa kodi!"

Kwao ni kweli. Faida ya hisa inatozwa kodi, kwa hiyo hasara inapunguza faida uliyopata kwingine, na ikibaki unaruhusiwa kuipunguza hadi dola 3,000 kwenye kipato kingine kila mwaka. Ila ukizirudia hisa zilezile ndani ya siku 30, imekula kwako, haihesabiwi. Wanajua kubana wale!

Bongo je? Mkazi akiuza hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, faida yake haitozwi kodi. Sasa hasara yako itapunguza nini? Hakuna. Gawio nalo linakatwa asilimia 5 juu kwa juu, hasara hailigusi. Utakachoambulia ni kumlipa dalali kamisheni ya kuuza, na ukizirudia, kamisheni nyingine ya kununua.

Kuuza uza, kama kampuni imekuchosha au ada ya mdogo wako imefika. Na kama hisa zako ni za kampuni isiyo sokoni, hapo kodi ipo, hesabu yake ni nyingine.