Jogoo Akifa, Mwache Mtoto Alie

Je, umewahi kumwona mtoto akisukuma kikombe cha chai asubuhi kwa sababu jogoo wa nyumbani amekufa? Wakubwa wengi hucheka. "Kuku tu huyo! Utamlilia kuku?" husema, kisha wakashika njia ya kazini. Leo hebu tulitazame jambo hili bila mzaha, kwani ndani yake mna mambo mawili makubwa: imani ya mtoto kwa mzazi wake, na usalama wa kuku wa jirani.

Katika mitaa ya Voi, kama vile Kaloleni, Sikujua na Mwakingali, si ajabu kukuta kuku wakichakura uani. Tuseme mtoto wa gredi ya nne ameletewa kifaranga na nyanya yake kutoka Sagalla. Amemlisha makombo ya ugali, amemkinga na mwewe, amempa jina. Kifaranga kimekuwa jogoo, na sasa ndiye anayeamsha nyumba kabla ya malori ya barabara ya Mombasa kuanza kunguruma. Jogoo huyo akifa, mtoto hapotezi kitoweo. Anapoteza rafiki na kazi aliyoifanya kila siku kwa mikono yake.

Tena, ni nani aliyesema mnyama halilii mtu? Mwezi Mei mwaka wa 2014, tembo mashuhuri aliyeitwa Satao aliuawa kwa mshale wa sumu katika Mbuga ya Tsavo Mashariki, ambayo mojawapo ya malango yake liko hapo hapo Voi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilipothibitisha kifo chake mwezi uliofuata, wengi walimlilia humu nchini na ng'ambo. Wengi wao hawakuwa wamemwona hata siku moja. Sasa mtoto aliyemlea jogoo wake tangu akiwa kifaranga anyimwe machozi kwa nini?

Kosa la kwanza la wazazi ni uongo. Jogoo amekufa, baba anasema, "Amerudi kwa nyanya." Shule zikifungwa, mtoto anafika Sagalla na kumtafuta jogoo kila pembe ya boma. Hapo ndipo anapojua kwamba baba hudanganya. Wataalamu wa malezi husema kwamba mtoto mdogo huenda akadhani aliyekufa atarudi, na kwamba kati ya miaka mitano na saba wengi huanza kufahamu kuwa kifo hakina marejeo. Kwa hivyo sema wazi: "Jogoo amekufa. Hatawika tena." Maneno hayo yanauma, lakini siku msiba mkubwa utakapobisha hodi nyumbani, mtoto atakuwa na mtu wa kumwamini.

Vivyo hivyo, ikiwa jogoo atachinjwa kwa ajili ya wageni, mwambie mtoto mapema. Asije akamtambua rafiki yake kwenye sahani. Na akikataa kula, msimlazimishe wala msimcheke mbele ya wageni.

Kosa la pili, msomaji, ni la hatari zaidi. Mara nyingi kuku wa uani huuawa na ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri. Kuku huzubaa, huhema kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo au kupooza. Hauna dawa ya kuuponya. Katika boma lisilochanjwa unaweza kufagia karibu kuku wote. Hapo wenye nyumba huona hasara, wakakimbiza waliobaki sokoni, au wakautupa mzoga jalalani. Kwa kufanya hivyo wanapeleka msiba wao kwenye ua wa mtu mwingine, ambako pia kuna mtoto na jogoo wake.

Kwa hivyo mzikeni jogoo huyo. Naam, mzikeni! Mzazi achimbe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, na ashike mzoga kwa mfuko wa plastiki au glavu. Mtoto asimame kando, aseme neno lake la kuaga, kisha wote wanawe mikono kwa sabuni. Kaburi hilo dogo litamtuliza mtoto, na papo hapo litawakinga kuku wa jirani. Ikiwa kuku kadhaa wamekufa kwa ghafla, mjulisheni afisa wa mifugo bila kukawia.

Aidha, msikimbilie kununua jogoo mwingine kesho yake. Kwanza, mtoto ataelewa kwamba kila kipendwacho hununulika tena sokoni. Pili, maradhi huenda bado yako bandani. Osheni banda, ngojeni majuma kadhaa, na mwulizeni afisa wa mifugo ni lini mnaweza kuleta kuku wapya. Kisha wachanjwe wangali wazima, kwani chanjo haimsaidii kuku aliyekwisha kuugua. Ipo chanjo ya tone moja tu jichoni, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mpe mtoto kazi ya kuweka alama ya siku hiyo kwenye kalenda. Huzuni yake itapata la kufanya.

Wahenga walisema jogoo liwike lisiwike, kutakucha. Ni kweli tupu, lakini methali hiyo haikutungwa ili kumnyamazisha anayelia. Kutakucha, ndiyo, na mtoto wako atakwenda shule kama kawaida. Mwache tu alie kwanza, nawe keti karibu naye.