Bustani ya Mboga katika Nchi Kavu



Mara hii twapenda kusema juu ya jambo la uani ambalo vijana wetu hulidharau, nalo ni bustani ya mboga katika nchi ya jua kali. Tutatwaa mfano wa Dodoma, kwani huko mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, nayo kwa kawaida ni kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Miezi iliyosalia ni vumbi na upepo.

Wako wasemao kwamba mtu anunuaye maji kwa ndoo hana ruhusa ya kumwagilia mchicha. Kauli hii si ya kupuuzwa. Maji hayo aghalabu hubebwa kichwani na mama au binti wa nyumba, na baba apandaye mboga kwa shingo ya binti yake amedhulumu, hakulima. Basi swali la kwanza si mbegu gani, bali maji yatoka wapi.

Yatoka pale tutawadhapo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni ujazo wa viganja viwili vilivyokutanishwa. Sisi twamwaga zaidi. Tuseme nyumba ina watu sita, na kila mmoja hutumia lita moja na nusu kwa kila udhu: kwa sala tano ni lita 45 kwa siku, zipoteazo mchangani. Jaruba ya meta 1 kwa 3 wakati wa joto hutaka kama lita 15 hata 20 kwa siku. Wekeni beseni tu, na majaruba mawili yamepata riziki yake pasipo safari hata moja ya kisimani. Lakini maji ya kufulia yaliyojaa sabuni na magadi msiyatie, kwani chumvi zake huharibu udongo.

Nimesema jaruba, sikusema tuta. Watu wa nchi za mvua nyingi huinua matuta ili maji yapite. Mtu wa nchi kavu akiwaiga, tuta lake hukaushwa na jua na upepo kila upande. Yeye na achimbe chini kiasi cha shubiri moja, achanganye udongo na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza, kisha miche ikisimama aufunike udongo kwa nyasi kavu unene wa vidole vinne. Nyasi hizo zisiguse mashina, yasije yakaoza.

Tena kuna hila ya mtungi, ambayo Wachina waliiandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Twaa mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uzike hata shingoni katikati ya jaruba, uujaze maji na kuufunika ili mbu wasizae humo. Udongo wa nje ukikauka huyavuta maji kupitia ubavu wa mtungi, ukilowa huacha. Mboga hunywa chini, mizizini, wala jua halipati kitu. Siku hizi ndoo za plastiki zimeifukuza mitungi majumbani, na mingine imelala nyuma ya majiko. Hata uliomeguka mdomo wafaa.

Ama mbegu, chagueni zinazolijua jua: bamia, kunde, mlenda na mchicha, ambao huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne. Nyanya ina taabu, kwani joto la mchana lipitapo nyuzi 35 maua yake hupukutika. Ipandwe miezi ya baridi, Juni na Julai, ama chini ya kichanja cha nyasi. Kabichi iacheni kwa watu wa milimani.

Kumwagilia ni baada ya sala ya alfajiri, na maji yazame sana kila siku ya pili, kuliko kurashia juu juu kila jioni, maana mizizi huyafuata maji yaendako. Tia kidole udongoni: ukiwa na unyevu hata kiungo cha pili, ngoja kesho.

Uzio wa miiba uzungushwe kabla ya kupanda. Mbuzi wa jirani hajui mpaka, na ugomvi wa mchicha umeshatenganisha watu wasalio safu moja.