Haki ya Ndoa Isipimwe kwa Mfuko

Kila nchi huru inayo haki ya kulinda mipaka yake na kuamua nani aingie na nani asiingie. Haki hiyo hatuibishi, maana sisi wenyewe tunaitumia. Lakini ipo haki nyingine iliyo kongwe kuliko pasi na viza, nayo ni haki ya mume na mke waliooana kwa halali kuishi chini ya paa moja na kulea watoto wao. Katika Uingereza, ambako wapo ndugu zetu waliooa na kuolewa, haki hii ya pili imewekewa bei.

Tarehe 11 Aprili 2024 Serikali ya Uingereza ilipandisha kiwango cha kipato ambacho raia wake, au mgeni mwenye ukaazi wa kudumu, hutakiwa kukithibitisha ndipo amdhamini mwenzi wake aliye nje. Kutoka paundi 18,600 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa Julai 2012, kikawa paundi 29,000. Asiye na kipato chochote aweza kutegemea akiba, lakini akiba hiyo haina budi kuwa paundi 88,500. Na mshahara anaoupata mwenzi huko kwao hauhesabiwi, hata awe daktari au mhandisi.

Tuzitazame hesabu hizi kwa macho ya mtu wa kazi. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima nchini humo kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Mfanyakazi aliyefanya kazi saa 40 kwa juma, majuma yote 52 ya mwaka, alipata takriban paundi 25,397. Maana yake ni kwamba mtu anayeogesha wazee, anayefagia hospitali au anayepanga bidhaa dukani, hata akifanya kazi mwaka mzima bila kukosa siku, hakuweza kufikia kiwango hicho. Jasho lake lafaa kuijenga Uingereza, bali halifai kumletea mkewe. Mwenye nacho huoa popote duniani. Asiye nacho huambiwa apende karibu na nyumbani.

Watetezi wa sheria hiyo husema kwamba lengo ni kuizuia familia isiwe mzigo kwa hazina ya umma. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mwenzi anayeingia angeruhusiwa kuchota katika hazina hiyo. Lakini viza anayopewa humkataza kupokea misaada ya umma, na tangu Februari 2024 ada ya huduma za afya imekuwa paundi 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na paundi 776 kwa mtoto. Mtu aliyefungiwa mlango wa ghala, naye amelipia hata kusimama uani, hawezi kuitwa mzigo wa ghala.

Linalosikitisha zaidi ni hali ya mtoto wa kambo. Mwanamke mwenye mtoto akiolewa na raia wa Uingereza, na akataka kwenda na mtoto wake, kwa kawaida hutakiwa athibitishe kwamba dhamana ya malezi ya mtoto huyo i mikononi mwake peke yake. Ni kweli kwamba mtoto aweza kuwa amelala kwa bibi na kulishwa na shangazi. Linaloulizwa ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya shule yake, afya yake na maisha yake. Lakini katika familia zetu kauli hiyo mara nyingi si ya mtu mmoja. Hukaliwa kikao. Baba mzazi naye akiwa hai na bado anashiriki, mama hulazimika kuonyesha sababu nzito zisizo za kawaida. Hivyo malezi ya pamoja, ambayo kwetu ni sifa, huko hugeuka kikwazo. Mwezi Februari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliona kuwa kiwango cha kipato chenyewe si haramu, lakini ikatamka kwamba kanuni hazikuzingatia ipasavyo maslahi ya watoto.

Historia pia inafundisha. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza iliwabagua wanawake, kwa kuwa mwanamume mkaazi aliweza kumleta mkewe kwa urahisi kuliko mwanamke kumleta mumewe. Uingereza ilitii kwa namna ya ajabu: haikuwafungulia waume, bali iliwabana wake vilevile. Usawa ukapatikana katika kunyimwa.

Hata hivyo, mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Sheria yetu ya Uraia, iliyotungwa mwaka 1995, ilimpa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania haikumpa njia hiyo. Alitakiwa afuate safari ndefu ya wageni wote. Miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 1985, nchi yetu ilikuwa imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao kifungu chake cha 9 chataka usawa katika mambo ya uraia. Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, walimpa haki ya kuandikishwa kila aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka saba, awe mume au mke.

Zipo ndoa za hila, na Serikali yoyote ina wajibu wa kuzifichua. Lakini hila huchunguzwa ndani ya ndoa yenyewe: walifahamianaje, wanaishije, wanatunzanaje. Haichunguzwi katika unene wa mfuko, wala katika kuuliza nani mume na nani mke. Tunaitaka Uingereza iondoe bei iliyoiweka juu ya familia za wafanyakazi wake. Na kauli yetu itasikika vyema zaidi siku Bunge letu litakapomhesabu binti wa Kitanzania kuwa raia kamili, mwenye kuweza kumleta mumewe nyumbani kama kaka yake anavyomleta mkewe.